Mtu wa Katikati: Namba Zinavyogeuka Bango

Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi. Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120: wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Redio zilizisoma namba hizo, magazeti yakazichapa kwa herufi kubwa. Leo ukimuuliza mtu mtaani Watanzania wako wangapi, atakujibu, "Milioni sitini na kitu." Hakuna wa kumlaumu. Namba yenye tarakimu nane haikai kichwani, labda igeuzwe kuwa kitu ambacho jicho linaweza kukishika.

Kazi hiyo ya kugeuza ndiyo inayoangushwa kwenye mabango mengi ya taarifa yanayobandikwa katika ofisi, shule na zahanati. Mara nyingi mambo huenda hivi: mtaalamu wa takwimu anamaliza ripoti yake, anamtumia mbunifu wa michoro kurasa zote kwa barua pepe, na anampa maagizo mawili tu, lipendeze na liwe tayari Ijumaa. Mbunifu hajui namba ipi ina uzito na ipi ni ya kujazia, kwa hiyo anaziweka zote. Linatoka bango lenye nembo za wafadhili juu, grafu za duara nne katikati, picha ya mtoto anayetabasamu pembeni, na maandishi madogo kama ya karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Watu wanalipita. Aliyeandika ripoti anamlaumu mbunifu, na mbunifu naye anasema alipewa vitu vingi mno. Wote wawili wana haki, kwa sababu aliyekosekana ni mtu wa tatu.

Mtu huyo alikuwapo Vienna, Austria, karibu miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1925 mchumi na mwanafalsafa Otto Neurath alifungua pale Makumbusho ya Jamii na Uchumi. Serikali ya mji ilikuwa mikononi mwa wasoshalisti, inajenga nyumba za wafanyakazi na kupambana na kifua kikuu, na Neurath alitaka mfanyakazi wa kiwandani aone kwa macho yake hali ya mji wake, hata kama hakusoma sana. Wachumi na watakwimu walikusanya namba. Msanii wa Kijerumani Gerd Arntz, aliyejiunga nao mwishoni mwa miaka ya 1920, alichonga alama kwenye vipande vya linoliamu na kuzichapa: mfanyakazi, mkulima, meli, gunia, mtu asiye na kazi aliyetia mikono mfukoni. Kati ya makundi hayo mawili alikaa Marie Reidemeister, mwanamke aliyesoma hisabati na fizikia, na cheo chake kilikuwa mgeuzaji.

Mgeuzaji hakukusanya takwimu wala hakuchora mchoro wa mwisho. Alisoma majedwali, akawauliza wataalamu hapa habari ni ipi, akaamua kipi kibaki na kipi kiondoke, kisha akachora rasimu kwa penseli na kumkabidhi msanii. Neurath alikimbilia Uholanzi mwaka 1934, na mwaka 1940 yeye na Marie wakavuka bahari kwa mashua hadi Uingereza, Wajerumani wakiwa wanaingia. Walioana mwaka uliofuata. Otto alifariki mwaka 1945, Marie akaendelea na kazi kwa miaka mingi, na rasimu zake leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Reading.

Tumpe basi mgeuzaji sensa zetu. Majedwali yanaonyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022. Kuna pia jinsia, umri, mikoa, kaya, elimu, vyoo na paa za nyumba. Bango litabeba nini?

Litabeba sentensi moja. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alilijua hilo mapema. Mchoro wake maarufu wa mwaka 1858 kuhusu vita vya Crimea una pande zinazotoka katikati, kila upande mwezi mmoja: buluu ni waliokufa kwa magonjwa yaliyozuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyingine. Buluu imemeza kila kitu. Mtu hahitaji kusoma namba hata moja kutambua kwamba askari wa Uingereza waliuawa zaidi na uchafu kuliko risasi. Nightingale alikuwa na mengine mengi ya kusema kuhusu hospitali za jeshi, na aliyasema katika ripoti ndefu. Kwenye mchoro hakuyaweka.

Sentensi yetu inaweza kuwa hii: katika miaka 55, Watanzania wameongezeka mara tano. Ikishaandikwa juu ya karatasi, mikoa inaondoka, paa zinaondoka, na jinsia inaondoka. Hapo ndipo kikao huchacha. Mkuu wa idara atauliza mbona wanawake hawaonekani, mwingine atataka mkoa wake uonekane. Jibu la mgeuzaji ni kwamba wanawake wanastahili bango lao wenyewe, na mikoa ramani yake.

Sasa mara tano inachorwaje? Wengi huchora mtu mdogo wa mwaka 1967, kisha wakamvuta kwenye kompyuta hadi awe mrefu mara tano kwa ajili ya mwaka 2022. Lakini akirefuka mara tano hunenepa mara tano pia, na eneo lake kwenye karatasi linakuwa kubwa mara 25. Jicho hupima eneo. Mchoraji hakusema uongo, ila bango limeusema. Dawa ya Vienna ilikuwa nyepesi: alama isikuzwe, irudiwe. Mtu mmoja mdogo asimame badala ya watu milioni mbili. Mwaka 1967 watasimama sita, mwaka 2022 watasimama 31, na msomaji anayetaka uhakika anaweza kuwahesabu kwa kidole. Watoto wa shule za msingi wanaosoma takwimu kwa picha wanaujua mtindo huu tayari.

Kwa nini milioni mbili? Karatasi ya A2 iliyolazwa ina upana wa milimita 594. Ukiacha ukingo wa kawaida pande zote, watu 31 wanapata takriban milimita 17 kila mmoja, na wanaonekana vizuri. Ukichagua milioni moja, watu 62 watabanana hadi wawe vijiti. Ukichagua milioni tano, sensa ya 1967 itakuwa na watu wawili na nusu, na hakuna anayefurahia kumwona ndugu yake amekatwa kiunoni. Hesabu hizi hufanywa kwa rula na penseli, kabla kompyuta haijawashwa.

Mtego wa pili umejificha kwenye miaka yenyewe, na huwanasa hata watu makini. Kati ya sensa ya 1988 na ya 2002 watu waliongezeka milioni 11.3, kati ya 2002 na 2012 waliongezeka milioni 10.5. Ukizipanga safu sita kwa nafasi sawa, mtazamaji ataona kasi ilipungua baada ya 2002. Ukweli ni kinyume. Pengo la kwanza lilikuwa la miaka 14 na la pili la miaka 10, maana yake nyongeza ilipanda kutoka watu wapatao laki nane kwa mwaka hadi zaidi ya milioni moja. Safu ya 2002 inapaswa kukaa mbali zaidi na ile ya 1988, kwa kadiri ya miaka iliyopita. Nafasi hiyo tupu nayo ni taarifa, na mbunifu asiyeambiwa ataiziba kwa ua.

Wanaopenda nguzo badala ya alama wana mtego wao. Nguzo isiyoanzia sifuri huongopa. Anzisha kipimo kwenye milioni 40, na nguzo ya 2022 itaonekana ndefu kuliko ya 2012 mara nne na zaidi, wakati watu hawakuongezeka hata mara moja na nusu.

Baada ya hapo ndipo liulizwe bango litakaa wapi. Kwenye benchi la zahanati mtu husubiri saa nzima. Anaweza kusoma maelezo. Stendi ya basi haimpi hata dakika. Wala tusidharau uwezo wa msomaji. Kina mama wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisoma grafu kwa miaka mingi kwenye kadi ya kliniki: mstari wa uzito wa mtoto ukipanda, vizuri, ukilala au kushuka, nesi anauliza maswali. Mama ambaye hakumaliza darasa la nne anausoma mstari huo bila kufundishwa neno "grafu", kwa sababu unamhusu.

Alama nazo zina kwao. Marie Neurath alipofanya kazi na serikali ya Nigeria Magharibi miaka ya 1950, kwenye machapisho kuhusu elimu, kilimo na afya, alisafiri kwenda kuona, na michoro ikabadilishwa ifanane na nyumba, mavazi na mazao ya huko. Bango letu linaloonyesha familia kwa nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa limenakiliwa kutoka intaneti, na mtazamaji hulitambua mara moja.

Mambo ya kiwanda cha uchapaji ni machache, ila hugharimu. Kompyuta hutoa rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa kwa wino wa aina nne, kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi; omba nakala moja ya majaribio. Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa na ikikuzwa itatoka na ukungu. Nyekundu na kijani zisitegemewe peke yake kutenganisha mambo mawili, maana wapo wanaume wengi wasiozitofautisha. Chini kabisa kiandikwe chanzo cha namba na mwaka wake. Bango lisilo na mwaka linazeeka kimyakimya ukutani na kuendelea kuaminiwa.

Halafu nakala hiyo ya majaribio ibandikwe, aitwe mtu asiyehusika na mradi, mlinzi au mpishi, asimame hatua chache na aseme ameona nini. Akitaja sentensi ile iliyoandikwa mwanzo, lipelekwe kiwandani. Akitaja rangi au picha, lirudi mezani.

Ofisi nyingi hutenga fungu la uchapaji na fungu la mbunifu, hapo kati hakuna kitu. Anayepanga bajeti ya bango lijalo aongeze siku mbili za mtu wa kusoma majedwali, kubishana na wakuu wa idara na kuchora rasimu kwa penseli. Ni fedha kidogo kuliko gharama ya kuchapa mabango elfu moja ambayo hakuna anayeyasoma.