Wawili Mtumbwini, Mmoja Ufukoni: Siku za Kwanza za Kuacha Sigara



Katika mikutano ya matawi yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba za kulala. Habari ya sigara huachwa nje ya mlango, kwa kuwa huhesabiwa kuwa jambo la mtu na mfuko wake. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Mtu anayevuta vijiti 10 kwa siku humaliza vijiti 300 kwa mwezi na 3,650 kwa mwaka, yaani pakiti 182 na nusu. Kila msomaji na achukue bei ya pakiti katika duka la kwao, aizidishe, kisha aiweke jumla hiyo kando ya nyongeza ya mshahara aliyopata mara ya mwisho. Wengi wataona kwamba nyongeza waliyoipigania kwa jasho imekwisha kuchomwa moto kabla ya mtoto kununuliwa daftari.

Hata hivyo hatukukusudia kuhubiri ubaya wa tumbaku. Tangu mwaka 1950, madaktari Doll na Hill walipoonyesha kule Uingereza kwamba wavutaji ndio wanaopatwa zaidi na saratani ya mapafu, habari hiyo imetangazwa hadi imechosha masikio. Mvutaji anaijua. Tena anaijua kuliko anayemhubiria, maana kifua ni chake na kikohozi cha alfajiri ni chake. Jambo ambalo hakuelezwa ni namna ya kupita siku za kwanza baada ya kuamua kuacha, na nani atakuwa pamoja naye katika siku hizo.

Kwa ajili hiyo tulikwenda Hamukungu, wilaya ya Kasese. Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji kilicho ukingoni mwa Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ziwa lenyewe halina kina kirefu, kwa wastani halifiki mita 3, na maji yake hutoka kwa Mfereji wa Kazinga kuingia Ziwa Edward. Humo hupatikana ngege, kambale na kamongo. Kazi ya wavu ni ya jioni na alfajiri, maji yana baridi, na viboko hawana urafiki na mtumbwi. Katika hali kama hiyo sigara humjia mvuvi kama rafiki: huchangamsha, hufukuza usingizi, huzuia njaa, na wengine husema hufukuza mbu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku kiwandani, au mchuma chai aliyenyeshewa na mvua tangu saa moja asubuhi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo mwaloni tulizungumza na wanaume watatu ambao waliamua kuacha kwa pamoja. Wawili huvua katika mtumbwi mmoja. Wa tatu hushona nyavu ufukoni na kupakia samaki katika magari. Majina yao hatuyaandiki, kwa kuwa walituomba hivyo, nasi tunaona walikuwa na haki.

Kwanza walichagua siku. Hawakuchagua siku ya malipo, kwa sababu siku hiyo fedha iko mkononi na waragi iko mezani, na waragi na sigara huitana. Walichagua Jumatatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo walitoa viberiti vyote mifukoni mwao wakavipeleka jikoni kwa wake zao. Pili walipatana kwamba anayeshikwa na hamu atamwambia mwenzake kabla ya kuvuta, si baada ya kuvuta. Tatu, fedha ambayo kila mmoja angenunulia sigara siku ile ilitiwa katika kopo moja, na kopo likawekwa kwa yule wa ufukoni. Nne, na hili tunaliona ndilo lililowaokoa, walikatazana kutukanana.

Inafaa tueleze kidogo yanayotokea mwilini, maana mtu asiyejua huogopa akadhani anaumwa. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu, na ubongo huizoea kama mtoto anavyozoea kubebwa. Ikikatika, ubongo hulia. Vijana wa pwani huita hali hiyo arosto. Mtu hukasirika bila sababu, hukosa usingizi, mikono haitulii, mawazo hayakai mahali pamoja, njaa huzidi, na wengine hufunga choo. Wako hata wanaokohoa zaidi katika wiki za mwanzo kuliko walipokuwa wakivuta. Hali hii huwa kali zaidi katika siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na kwa watu wengi huwa imekwisha kati ya wiki ya pili na ya nne. Wakati huohuo mwili umekwisha kuanza kujitengeneza. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo hupungua. Baada ya saa 12 ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hushuka katika damu hadi kiasi cha kawaida. Na ukipita mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua kwa nusu ikilinganishwa na ya mvutaji.

Jambo moja zaidi ambalo kila anayeacha anapaswa kulijua: hamu ya sigara haikai. Huja kama wimbi, hupanda, na kwa kawaida baada ya dakika chache hushuka, mtu akivuta au asipovuta. Wale wawili wa mtumbwini walijifunza jambo hili bila daktari. Saa yao mbaya ilikuwa baada ya kutega nyavu, wakati wa kungoja, ambapo zamani kila mmoja alikuwa akiwasha. Sasa mmoja alipotamka tu kwamba imemshika, mwenzake alimpa kasia au kopo la kukumbia maji. Walichukua maji ya kunywa, njugu za kukaanga na vipande vya muwa. Mkono ulipata kazi na mdomo ulipata kazi, na kabla njugu hazijaisha wimbi lilikuwa limepita.

Siku ya tatu waligombana juu ya wavu uliojisokota, ugomvi ambao wao wenyewe wanauelezea kwa kicheko leo. Lakini walikuwa wameambizana mapema kwamba siku hiyo itakuwa mbaya, kwa hiyo kila mmoja alijua kwamba si mwenzake anayesema, ni nikotini inayoondoka. Wake zao nao walikuwa wamekwisha kuelezwa. Hapa tungependa kuwaambia akina mama wanaosoma ukurasa huu kwamba kazi yao si kunusa nguo za waume zao na kufanya upelelezi. Uji wa moto na kunyamaza kidogo hufaa zaidi. Tena tusisahau kwamba wako akina mama wanaovuta kiko au kunusa ugoro, na wao pia wanahitaji mwenzi wa kuachia. Wako na wale wanaokausha samaki kwa moshi, ambao hawajagusa sigara hata siku moja na bado hulala na macho mekundu na kifua kizito. Hilo ni jambo la makala nyingine, nasi hatutaliacha.

Tulitazamia kusikia kwamba wavuvi ndio waliopata taabu kubwa. Haikuwa hivyo. Aliyeteseka zaidi ni yule wa ufukoni. Wenzake walikuwa wawili, majini, mahali pasipo duka. Yeye alishinda kati ya wavutaji, hatua chache kutoka kwenye kibanda kinachouza kijiti kimoja kimoja, na kwa desturi zetu kupewa sigara ni heshima na kuikataa ni kama kuukataa mkono wa mtu. Siku ya tisa kulikuwa na msiba. Alikesha motoni na wafiwa, sigara zikapitishwa, naye akavuta mbili.

Asubuhi aliwaeleza wenzake, akiwa na kopo mkononi, tayari kuwarudishia fedha zao na kujitoa. Wenzake walikataa kulipokea. Hawakumhukumu, wala hawakusema kwamba siku nane zimepotea. Walimwuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa ameketi karibu na nani, na alikuwa amekula nini. Ilionekana kwamba alikuwa hajala tangu mchana. Tangu siku hiyo kukiwa na mkesha walikwenda pamoja, wakakaa watatu upande mmoja wa moto, na waliokuwa wakipitisha sigara waliambiwa mapema. Watu wa Kasese na Ankole wanajua chama cha engozi, ambacho majirani hubeba mgonjwa mabegani kwa zamu hadi hospitali. Hakuna anayemlaumu mgonjwa kwa uzito wake, na anayechoka hubadilishwa. Hawa watatu walifanya vivyo hivyo kwa sigara.

Sasa tugeukie viwandani na mashambani, ambako wengi wetu tupo. Vumbi la saruji, vumbi la pamba katika vinu vya kuchambulia, na vumbi la mwamba ambalo wazee wetu wa Kilembe walilivuta tangu shaba ilipoanza kutolewa mwaka 1956 hadi kazi iliposimama mwaka 1982, yote hayo huumiza mapafu. Moshi wa sigara ukiongezwa juu yake, madhara huzidi. Lakini kiwandani kuna kizuizi ambacho Hamukungu hakipo. Mvutaji akisema anatoka kidogo kuvuta, nyapara humwachia dakika tano bila maneno. Asiyevuta akisimama dakika mbili kunyoosha mgongo huulizwa kama anaumwa. Basi yule anayeacha sigara hupoteza mambo mawili kwa siku moja: nikotini na mapumziko. Tumeona watu wakirudia sigara si kwa kuitamani, bali kwa kutamani kusimama kivulini. Kwa hiyo matawi yanapozungumza na wenye kazi, yadai mapumziko mafupi kwa kila mfanyakazi, avute asivute. Bila hayo, kumwambia mtu aache ni kumwambia afanye kazi zaidi kwa mshahara uleule.

Sheria ya kudhibiti tumbaku ya Uganda, iliyopitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika mwaka 2016, imekataza kuvuta ndani ya mahali pa kazi na katika mita 50 kutoka mahali pa watu wengi, imekataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 21, na imekataza kuuza kijiti kimoja kimoja. Ni sheria nzuri, ingawa yule mwenye kibanda tuliyemtaja hakuonekana kuisikia. Tunaonya jambo moja tu: isitumiwe na msimamizi yeyote kama fimbo ya kumfukuzia mtu kazi. Aliyeshikwa akivuta apewe mwenzi wa kumsaidia kwanza.

Namna ya kupanga wenzi hao si ngumu. Wawili au watatu wa zamu moja wanatosha, kwa sababu kumi watageuka kuwa mkutano. Wawe watu wanaoonana saa ile mbaya, si watu wanaopendana tu siku ya Jumapili. Wakutane kila siku katika wiki mbili za kwanza, hata kwa maneno matatu langoni. Chai ya saa nne ikiwa ndiyo iliyokuwa ikiita sigara, wainywe mahali pengine, au wanywe uji. Mmoja asiyevuta anaweza kuingia kati yao, mradi asijifanye mwalimu. Na ahadi iwe ya siku ya leo, kesho itaahidiwa kesho. Wengine hupenda kupunguza kidogo kidogo, na wapo wanaofaulu, lakini wote watatu wa Hamukungu walikata mara moja na wanasema ilikuwa nafuu kuliko kuhesabu vijiti.

Dawa pia zipo. Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani na plasta za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na zinasaidia, lakini vijijini hazipatikani kwa urahisi na bei yake si ya kibarua. Anayeweza kuzipata amwulize mganga wa zahanati namna ya kuzitumia. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au anayetema damu, au anayepungua mwili, asingoje kuona kama kuacha sigara kutamponya. Aende akapimwe kifua kikuu, na mwenzi wake amsindikize. Anayeumwa kifua kwa ghafula naye asingoje hata siku moja.

Tulipoondoka Hamukungu, lile kopo lilikuwa limekwisha kufunguliwa mara moja. Walinunua nyuzi za nyavu na sukari, wakagawana. Yule wa ufukoni ndiye bado anayelitunza.

Matawi yanayotaka kujaribu mpango huu yatuarifu kwa kupitia katibu wa tawi. Waliokwisha kuacha, na waliojaribu wakarudia, watuandikie pia: ilikuwa siku ya ngapi, saa ngapi, na nani alikuwa karibu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, nasi tutazichapa bila majina.