Kasi ya Chini Isipotosha

Chukua kipande cha gogo la mwembe chenye upana wa sentimita 40, ukifunge kwenye Shopsmith Mark V, ile mashine ya Kimarekani ya miaka ya 1950 ambayo kwa mota moja hupasua mbao, hukereza, hutoboa kwa wima na kwa ulalo, na hupiga msasa. Kirudishe kirungu cha kasi hadi mwisho wa chini. Gogo bado litazunguka mara 700 kwa dakika, na ukingo wake utaipita patasi kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Kwa mguu wa kiti hiyo ni kasi ndogo. Kwa gogo ambalo bado halijawa duara, ni kubwa mno.

Kinachosumbua ni uzito usiolingana. Upande mmoja ukizidi kwa gramu 100 tu, sentimita 20 kutoka katikati, kwa mizunguko 700 huvuta nje kama mzigo wa kilo 11, na mvuto huo huzunguka pamoja na gogo karibu mara 12 kila sekunde. Hapo mashine huanza kutembea sakafuni. Shusha mizunguko hadi 350, na zile kilo 11 hazifiki hata 3: ukipunguza kasi kwa nusu, mvuto hubaki robo.

Hapo ndipo kinapohitajika kipunguza kasi. Hukaa kati ya mota na kazi, na hugawa mizunguko kwa saba hivi: 700 inakuwa 100, na ile 5,200 ya juu kabisa inakuwa kama 740. Nguvu ya kusokota nayo huongezeka karibu mara saba, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano.

Nguvu hiyo ndiyo inayonitia hofu. Mtu akiona shafti inazunguka taratibu hushika ubao kwa mkono mmoja na kutoboa tundu pana. Keekee ikinasa, mota haizimiki. Ubao ndio utakaozunguka, pamoja na vidole. Ubane ubao kwa klempu kwanza, na glovu uziweke kando. Msumeno wa duara usiufunge hapo kabisa, kwa kuwa meno yake hukata vizuri kwa kasi tu.

Kirungu cha kasi cha Mark V hugeuzwa mota ikiwa inazunguka. Basi kabla ya kuzima, kirudishe chini, ili kesho gogo jipya lisianze kwa kasi uliyoiacha jana.