Kupona na Kuponya: Maelezo juu ya Peptidi BPC-157

Katika Kiswahili, kidonda hupona, dawa huponya. Kiambishi -y- ni cha kutendesha, nacho hudai pawepo kisababishi cha uponyaji. Tuitazame BPC-157, peptidi iundwayo maabarani, yaani mnyororo wa asidi-amino 15. Katika majaribio, panya waliopewa peptidi hiyo walipona majeraha ya kano na ngozi upesi zaidi. Kwa binadamu ushahidi ungali haba, na tangu mwaka 2022 imepigwa marufuku michezoni. Basi mchimba shaba wa Kolwezi aliyejeruhiwa akiambiwa kwamba "huponya", kiambishi hu- kinamwahidi kama jambo la kawaida lile ambalo halijathibitishwa. Usemi ulio sahihi ni "inachunguzwa". Wakati huo huo, jeraha lake lioshwe kwa maji safi, likatazamwe na daktari.