Mishipa ya miguu: si kila dawa ni kisu



Mwalimu kazi yake ni kusimama. Tangu saa moja na nusu ya asubuhi niko wima mbele ya ubao. Baada ya kuzaa mtoto wangu wa tatu, niliona nyuma ya goti nyuzi nyembamba, nyekundu na za buluu, kama mizizi ya majani. Jirani mmoja alinishauri nichanjwe kwa wembe ili damu mbaya itoke. Mwingine alisema nifunge mguu kwa mpira. Namshukuru Mungu, nilianza kwa kuuliza kwenye kituo cha afya.

Muuguzi alinieleza hivi. Damu ya miguuni inapaswa kupanda hadi moyoni. Ndani ya mishipa mna vilango vinavyoizuia kurudi chini. Vilango vikilegea, damu inatuama na mshipa unatanuka. Mimba, uzito, umri, ukoo na kusimama muda mrefu vinaongeza jambo hilo. Zile nyuzi nyembamba kwa kawaida hazina hatari. Ile mishipa minene iliyojikunja, ambayo wengi tunaiita varisi, inahitaji kupimwa na daktari.

Tufanye nini bila kupasuliwa?

Tutembee. Nyama ya mguu ikikaza, inasukuma damu juu; milima yetu ya Kadutu na Bagira basi inatusaidia. Wewe unayeuza sokoni siku nzima, inuka na kukaa kwa zamu, chezesha visigino. Jioni lala, weka miguu juu ya mto, ipite usawa wa moyo. Soksi za kubana zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, lakini daktari akuchagulie kipimo.

Mahali penye mtaalamu kuna pia sindano: dawa inaingizwa ndani ya mshipa, kuta zake zinashikana, na damu inapita mishipa mingine. Alama inafifia kwa majuma kadhaa, mara nyingi baada ya kurudia sindano, na mingine mipya inaweza kutokea. Mama mwenye mimba hachomwi; mara nyingi mishipa hupungua yenyewe miezi michache baada ya kujifungua.

Dada zangu, shikeni hili. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na moto, hasa wakati wa mimba au baada ya kuzaa, pengine damu imeganda ndani. Usiukande, usingoje kesho, nenda hospitali. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma, ni haraka zaidi. Na mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi, uitishe msaada.

Wembe ule wa jirani ungeweza kuniletea pepopunda au damu isiyokatika. Nyuzi zangu bado zipo, na darasani siku hizi ninafundisha nikitembea kati ya madawati. Hata wale wa nyuma wameacha kusinzia.