Farasi-bahari anakula, mbona anakonda?

Umemwekea farasi-bahari chakula kikavu, anakiangalia tu kinavyozama. Si maringo. Baharini huvizia wanyama wadogo walio hai, kwa hiyo kisichocheza mbele ya macho yake hakihesabu kuwa chakula. Na kwa vile hana meno wala mfuko wa tumbo wa kuweka akiba, akigoma kula anadhoofika haraka.

Wafugaji wengi hukimbilia artemia, jamaa wadogo wa kamba. Mayai yao makavu ukiyaweka kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hadi 28 na kupuliza hewa, huanguliwa kwa saa 24 hivi. Hao wachanga wanawafaa watoto wa farasi-bahari; wakubwa wape artemia waliokomaa.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Artemia akitoka tu kwenye yai, ana akiba ya kiini chenye mafuta. Kesho yake sehemu kubwa imeshatumika. Artemia mkubwa mwenye njaa naye ni kama ganda tupu: samaki anamfyonza kutwa, na bado anakonda.

Basi wachanga walishe mapema. Wakubwa wape kwanza mwani mdogo wenye omega-3, wajaze matumbo. Yaani, kabla ya kumlisha samaki, lisha chakula chake.