Mapezi ya fuze: juu ya nini ingine inapanda na ingine inajigeuza?

Tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu alikuwa kaskazini mwa Shaba, karibu na mto Luvua, katika jimbo tunaloita leo Tanganyika. Alikuja kuangalia fuze ya OTRAG, kampuni ya Wajerumani. Ilipanda kidogo, ikainama, ikaanguka bondeni.

Fuze ile iliongozwa kwa kupunguza nguvu ya injini za upande mmoja. Ile ndogo ya wanafunzi, ya chupa ya plastiki, maji na pompi ya kinga, haina usukani kama huo. Inategemea mapezi yake tu.

Fuze ikiwa hewani inazungukia pointi moja, pale uzito wake unalingana. Laza chupa juu ya kidole, utaipata. Lakini kuna pointi ya pili, pale hewa inasukumia zaidi. Hii ikiwa nyuma ya ile ya uzito, fuze ikiyumba hewa inasukuma mkia na kuurudisha kwenye mstari, sawa vile manyoya ya mshale. Ikiwa mbele, hewa inasukuma kichwa, fuze inajigeuza na inaweza kurudia watu. Ndiyo kazi ya mapezi: kuvuta pointi ya hewa nyuma.

Kuipata pointi hiyo hakuombi mashine. Chora umbo la fuze juu ya karatoni, na mapezi yake, kata, kisha usimamishe karatoni juu ya kidole. Kati ya pointi mbili hizi kuwe na upana wa fuze mara 1 mpaka 2. Chupa ya sentimeta 9 inaomba sentimeta 9 mpaka 18. Kumbuka pia kwamba wakati wa kuondoka maji yako mkiani, yanavuta uzito nyuma. Udongo kidogo puani unasaidia.

Basi watoto wengi wanabandika mapezi makubwa. Hapo upepo ukipiga, fuze inageuza pua kule upepo unatoka na kuruka kwa kulala. Mapezi mazito nayo yanarudisha uzito nyuma. Matatu yanatosha, manne ni rahisi kupanga, mawili hayalindi pande zote. Karatasi laini inatetemeka na kung'oka. Pezi lililobandikwa kombo linazungusha fuze.

Jambo moja kwa wazazi wa huku kwetu: bomu za mortie nazo zina mapezi mkiani, kwa sababu ileile. Mtoto anayetafuta vifaa asiguse chuma cha namna hiyo akikikuta shambani. Aache pale pale, aite mtu mkubwa.

Mbele ya kurusha, funga kamba pale uzito unalingana, chupa ikiwa tupu, uzungushe fuze juu ya kichwa, watu wakiwa mbali. Pua ikitangulia, iko tayari. Mkia ukitangulia, ongeza udongo puani, ujaribu tena.