Mtungi bila saa: Hatari ya kupiga mbizi kwa vifaa haba

JONGOO bahari si kitoweo cha wenyeji wa Pwani, lakini kwa miaka mingi amekuwa akikaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong na China, ambako huandaliwa katika karamu za wenye nacho. Zamani aliokotwa kwa mkono maji yalipokupwa. Alipoadimika karibu na ufuo, waokotaji walilazimika kumfuata kwenye kina kirefu, na hapo ndipo mtungi wa hewa ulipoingia katika uvuvi wa Kwale na Unguja.

Kanuni za uvuvi za Kenya zilipiga marufuku matumizi ya mitungi katika kuvua jongoo bahari. Marufuku hiyo ilikusudiwa kumnusuru mnyama asiangamizwe. Makala haya yanamhusu mwanadamu anayemfuata huko chini, pamoja na wenzake wanaokamata samaki wa mapambo kwa leseni, na yeyote mwingine anayezamia na vifaa vichache.

Mtalii anayepiga mbizi Diani au Watamu huvishwa vitu vingi: miwani, mapezi ya mpira miguuni, mkanda wa vipande vya risasi wa kumsaidia kuzama, mtungi, vali ya kupumulia, jaketi ya kuelea, kipimo cha hewa iliyosalia na kompyuta ndogo mkononi inayomwonyesha kina na muda. Mvuvi aghalabu huwa na miwani, mtungi uliofungwa mgongoni na vali ya kutia mdomoni. Basi.

Je, ni uhaba huo unaoua? Historia inatoa jibu lisilotarajiwa.

Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipounda vali yao mnamo 1943, jaketi ya kuelea haikuwapo. Wapiga mbizi wa kwanza walishuka bila kipimo cha hewa pia. Kupumua kulipoanza kuwa kugumu, mtu alivuta kijiti kilichofungua akiba ndogo ndani ya mtungi, akajua wakati wa kupanda umewadia. Hata leo wapo wajuzi Ulaya na Marekani wanaopenda kuzamia kwa mtindo huo kwa starehe tu. Hupima risasi za mkandani kwa uangalifu hadi mwili usizame wala kuelea, na jaketi hawaihitaji.

Lakini watu hao hawaachi saa wala kipimo cha kina. Ukielewa sababu yake, umeelewa takriban jambo zima.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika kina cha mita 20, basi, mgandamizo ni mara tatu ya ule wa ufuoni, na kila pumzi hutumia hewa mara tatu. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi kipimo cha 200, yaani hewa ya lita 2,400. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 60 akiwa mita 20 chini. Akiacha robo ya hewa kama akiba, ana dakika 30. Akiwa mita 30 chini, ana dakika 22 pekee.

Sasa linganisha na naitrojeni. Gesi hii, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, huyeyuka katika damu na nyama za mwili chini ya mgandamizo. Mtu akipanda kwa pupa hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Majedwali ya wapiga mbizi wa starehe huruhusu takriban dakika 45 katika mita 20, na takriban 20 katika mita 30.

Tazama tarakimu hizo tena. Katika mita 20, mtungi mmoja humalizika kabla mwili haujajaa naitrojeni ya kudhuru. Uchache wa vifaa, kwa namna fulani, humlinda mtu. Katika mita 30 ulinzi huo umetoweka. Mbaya zaidi, hutoweka pia pale mashua inapobeba mitungi kumi na kijana mmoja akashuka mara nne au tano kwa siku, kwa maana naitrojeni ya mzamo wa kwanza haijatoka mwilini anapoanza wa pili.

Asiye na kipimo cha hewa, isitoshe, huvuta hadi pumzi ya mwisho, kisha hukimbilia juu kwa hofu huku ameziba pumzi. Hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri anavyopanda, na mapafu yanaweza kupasuka hata katika mita chache za mwisho. Anayepanda anapaswa kuendelea kutoa pumzi, na asizidi mita tisa kwa dakika.

Maradhi haya si mapya. Mhandisi Washington Roebling alilemazwa nayo mnamo 1872 akisimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn, New York, ambako vibarua walichimba chini ya mto ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa iliyogandamizwa. Mskoti John Scott Haldane, baada ya kuwafanyia majaribio mbuzi, alitoa majedwali ya kupanda kwa vituo mnamo 1908. Maarifa yamekuwapo kwa zaidi ya karne nzima. Tatizo ni nani hufikiwa nayo.

Huko Honduras, wanaume wa jamii ya Miskito huzamia kambakoche wanaouzwa Marekani. Wengi walishushwa mara nyingi kwa siku bila kipimo chochote, na mamia wakapooza miguu. Agosti 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika iliiwajibisha serikali ya Honduras katika kesi ya wahasiriwa 42, kwa kutosimamia makampuni yaliyowaajiri.

Kwetu, habari kama hizo zikifika kwenye meza ya uhariri huja na neno moja: "alizama". Huenda hakuzama. Maumivu ya viungo, ganzi, miguu kukosa nguvu au mkojo kuziba, saa chache baada ya kutoka majini, ni dalili za naitrojeni. Si mashetani wa baharini.

Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni, na apelekwe kwenye chumba cha mgandamizo. Vyumba hivyo ni vichache mno Afrika Mashariki, hivyo kila saa ina thamani. Asirudishwe majini eti maumivu yatulie. Wala asikimbizwe Nairobi kwa barabara: jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa hafifu ya huko huzidisha povu. Hata mtalii mzima anashauriwa kungoja angalau saa 18 baada ya kuzamia kabla ya kupanda ndege.

Kompyuta ya mkononi ni ghali kwa mvuvi. Saa isiyoingia maji si ghali. Kamba yenye jiwe, iliyofungwa fundo kila mita tano na kuning'inizwa kutoka mashuani, hupima kina vizuri, na nahodha aliye juu anaweza kuivuta mara tatu muda unapokwisha.